Kabla Hujabandika Ulichosoma Jana Usiku

Wiki iliyopita, mchana wa kawaida kabisa, kijana mmoja wa timu yetu alinijia mezani ameibeba laptopu yake ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni.

"Dada, samahani. Nimeongeza safu moja tu."

Hiyo "moja tu" nilishaijua kabla hajaimaliza. Nikamuuliza kama ALTER TABLE, ile amri ya kubadilisha muundo wa jedwali la hifadhidata, bado inakimbia, akasema ndiyo. Nikamuuliza nani kamwambia ni kazi ya sekunde. Akafungua kichupo cha pili, akanionyesha makala. Makala nzuri, mpya, ya mtu anayeijua kazi yake. Hapo ndipo tumbo liliponiuma, maana na mimi niliwahi kusoma makala nzuri ya jambo hilohilo.

Basi wadogo zangu, ninyi mnaoingia kazini na kutumiana linki za vitabu na makala mpya hadi usiku wa manane, kaeni niwaambie machache. Kusoma sikatazi. Nawapenda hivyohivyo mlivyo na njaa ya vitu vipya. Ila mnanichosha.

1. Angalia tarehe ya makala, kisha toleo linalozungumziwa, kisha toleo lililo kwenye seva yako

Hili la tatu ndilo hamlifanyi. Mimi pia sikulifanya.

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na toleo lake la 11 lilitoka Oktoba 2018. Kabla ya hapo, ukiongeza safu yenye DEFAULT (thamani ya kuanzia) kwenye jedwali, hifadhidata iliandika upya jedwali zima, mstari kwa mstari, ili kuijaza ile thamani. Toleo la 11 likaondoa adha hiyo: thamani isiyobadilika huwekwa mara moja kwenye katalogi (daftari la ndani la hifadhidata), na mistari ya zamani haiguswi. Nikasoma makala iliyoeleza mabadiliko hayo usiku, kitandani, nikafurahi kama nimeokota pesa. Kwenye laptopu yangu nilikuwa nimeshaweka 11. Asubuhi nikajaribu kwenye jedwali la oda la majaribio lenye mistari kama mia tatu hivi. Milisekunde chache, kwisha. Nikajiona bingwa.

Saa kumi jioni nikaiendesha prodakshani, yaani kwenye seva yenyewe inayohudumia wateja. Sikumwambia mtu. Ya nini kumsumbua mtu kwa jambo la milisekunde?

Kishale kikabaki kinapepesa. Sekunde tano. Kumi. Nikadhani mtandao. Kwenye kundi la timu mtu akauliza, "Oda zinafunguka kwenu?" Mwingine akajibu, "Hata malipo hayapiti." Nikawa nasoma meseji hizo kama mpita njia, huku moyo ukianza kunidunda, kwa sababu nilikuwa sijaunganisha. Au nilikuwa nimeshaunganisha, ila sitaki.

Prodakshani ilikuwa 9.6. Jedwali lilikuwa na oda milioni arobaini na ushei.

ALTER TABLE ya namna hiyo hushika kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, na hilo kufuli halina mswalie Mtume: hata SELECT ya kawaida, amri ya kusoma tu, inasimama nje. Kila mteja aliyetaka kuona oda yake alikuwa amepanga foleni nyuma ya safu yangu moja tu. Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya kazi zinazoendelea kwenye hifadhidata, foleni ikawa inarefuka kila nikiburudisha. Kisha miunganisho ikaisha, na hifadhidata ikaanza kutoa ule ujumbe wake, *sorry, too many clients already*. Ni ujumbe wa hitilafu wenye adabu kuliko yote niijuayo. Hifadhidata inakuomba radhi kwa kosa ulilolifanya wewe.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa siisimulii. Kukosea toleo ni aibu ndogo. Aibu kubwa ni kwamba nilikaa dakika ishirini na saba nikiitazama ile kwiri, yaani ile amri niliyoipa hifadhidata, bila kuikata. Niliogopa. Nilikuwa na imani, sijui niliitoa wapi, kwamba nikiikata katikati nusu ya jedwali itakuwa na safu mpya na nusu haina, na data ya kampuni itakuwa imeharibika kwa mkono wangu. Nikaona heri nisubiri imalize. Nikawa naomba imalize. Nikafungua laptopu upande wa pili na kuanza kutafuta makala nyingine ya kuniokoa, mtu anazama huku anafungua kitabu cha kuogelea.

Ukweli ni kwamba kwenye PostgreSQL kazi hiyo iko ndani ya transaksheni: ama inafanyika yote, ama haifanyiki kabisa. Jedwali jipya linaandikwa pembeni, kwenye faili nyingine, na la zamani halijaguswa hadi mwisho. Ukikata, ile faili mpya inatupwa na maisha yanaendelea. Jambo hilo limo kwenye nyaraka rasmi, na kanuni yake imo kwenye sura ya mwanzo ya kitabu chochote cha hifadhidata, ile sura ya transaksheni niliyoiruka kwa sababu niliiona ya watoto. Nilikuwa nimesoma makala sita za toleo jipya na sijui nini kinatokea ukikatisha kwiri.

Kilichonitoa kwenye kiti ni diski. Kuandika upya jedwali kunahitaji nafasi ya nakala ya pili, na faharasa zake zote zinajengwa upya. Tahadhari ya diski ikalia, na tahadhari hiyo ilikwenda kwa msimamizi wa hifadhidata, mzee mmoja mpole anayevaa miwani kwenye kamba. Akaja hadi mezani kwangu.

"Unafanya nini?"

"Naongeza safu."

Akainama, akaandika pg_cancel_backend, amri ya kukatisha kwiri, na namba ya mchakato, akabonyeza. Kama sekunde mbili hivi. Kundi la timu likanyamaza, kisha mtu akaandika, "Zimerudi."

"Hili ni toleo gani?" akaniuliza.

"Kumi na moja."

Hakunibishia. Aliandika SHOW server_version, akasubiri jibu litokee kwenye skrini, akavaa miwani vizuri, akaondoka. Angenifokea ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Na bado sijamaliza. Kwenye ripoti ya tukio niliandika kwamba makala "haikuweka wazi" suala la toleo. Kabla ya kuituma nikairudia ile makala ili ninukuu. Aya ya pili, sentensi ya kwanza: kuanzia toleo la 11. Nilikuwa nimeisoma sentensi ile. Niliipita kama tunavyopita vigezo na masharti. Nikafuta ripoti, nikaandika nyingine.

Turudi kwa kijana wangu na laptopu yake. Hadithi hii anaijua, kila anayeingia kwenye timu namsimulia mpaka pale pa miwani, nikiruka tu ile hofu yangu ya kukata. Kwa hiyo yeye alikuwa ameangalia toleo, na toleo letu la sasa ni 15, limeshaipita 11. Makala yake ilikuwa sahihi, seva yake ilikuwa sahihi. Ila DEFAULT yake ilikuwa gen_random_uuid(). Hiyo inatoa thamani tofauti kwa kila mstari, haiwezi kuwekwa mara moja kwenye katalogi, kwa hiyo jedwali linaandikwa upya lote kama enzi zangu. Makala ilitoa mfano wa `false`. Yeye akabadilisha neno moja.

"Ikate," nikamwambia.

Akanitazama kwa macho ninayoyajua. "Data haitaharibika?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kabla ya kumjibu.

(Njia salama: ongeza safu bila DEFAULT, kisha weka DEFAULT kwa mistari ijayo, kisha jaza ya zamani kidogokidogo kwa mafungu. Na weka lock_timeout, kikomo cha muda wa kusubiri kufuli, kabla ya ALTER yoyote.)

2. Soma maelezo ya toleo lenyewe kabla ya makala inayoyasimulia

Ni makavu, ni marefu, hayana picha, na yameandikwa na waliotengeneza kitu hicho.

3. Kitabu cha zamani si lazima kiwe kimekufa

Mnaniuliza, "Dada, hiki cha 1999 bado kinafaa?" Inategemea kinachozeeka ndani yake. Kitabu cha Martin Fowler cha kusafisha msimbo kilitoka 1999 na mifano ya Java, toleo la pili likaja 2018 na mifano ya JavaScript. Lugha imebadilika, hoja imebaki ileile. Kinyume chake, kitabu cha Python kinachoandika `print` bila mabano kirudishe rafuni: Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na utapoteza jioni nzima ukidhani tatizo ni wewe.

Kipo na kile cha paterni 23 (mitindo ya kuigwa ya kupanga msimbo) cha mwaka 1994, kile cha waandishi wanne. Mifano yake ni ya C++ na Smalltalk, kwa sababu Java ilikuwa haijatoka hadharani. Mkikisoma, kumbukeni kwamba baadhi ya paterni zile zilikuwa dawa ya maradhi ya lugha za wakati ule, na lugha yako pengine haiumwi. Nasema hivi kwa uchungu. Mwezi niliokimaliza nilipewa tiketi ya kuandika skripti ya kutuma barua pepe ya ukumbusho kila Jumatatu. Skripti. Nilileta faili kumi na nne. Paterni zote zilikuwamo: palikuwa na kiwanda cha kutengeneza barua, na kiwanda cha kutengeneza viwanda, na mtazamaji aliyekuwa anamtazama mtu asiyefanya chochote. Aliyenikagua aliandika maoni mamoja tu: "Barua inatumwa wapi?" Nilitafuta kwa dakika kadhaa. Ilikuwa haitumwi.

4. Msemo ukikupendeza, kautafute kwenye makala ya asili

Kuna mmoja wenu aliweka kwiri ndani ya lupu (msimbo unaojirudia), oda mia mbili kwiri mia mbili, na nilipomgusa kwenye ukaguzi akanijibu kwa msemo wa Donald Knuth, mwanasayansi mkongwe wa kompyuta: kuboresha kasi mapema ndiyo chanzo cha maovu yote. Vizuri. Makala ile ni ya 1974, na sentensi yenyewe inazungumzia faida ndogondogo za kasi, kama asilimia 97 ya wakati. Sentensi inayofuata inasema tusiache fursa kwenye ile asilimia 3 iliyo muhimu. Lupu yako, mdogo wangu, iko kwenye ukurasa wa kwanza anaoufungua kila mteja. Uko ndani ya ile 3.

Vichwa vya habari navyo msiviamini sana. Ile barua maarufu ya mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra ya 1968 dhidi ya GOTO (amri ya kurukia sehemu nyingine ya programu), ambayo kila mwenye hasira ameiga kichwa chake tangu hapo, kichwa kile hakukiweka yeye. Alikiweka mhariri, Niklaus Wirth. Chake Dijkstra kilikuwa cha upole zaidi. Kumbe hata wakati ule.

5. Mfano wa kitabuni ukigoma, tafuta orodha ya masahihisho kabla ya kujitukana

Knuth kwa miaka mingi aliwaandikia hundi ya dola 2.56 waliomkuta na kosa kwenye vitabu vyake, kwa kuwa senti 256 ni dola moja ya heksadesimali, ile hesabu ya msingi wa 16 ambamo 100 ni sawa na 256 yetu. Kama yeye anakosea, mwandishi wa kitabu chako kilichotoka mwezi jana anakosea pia. Nimeona mtu akikesha siku mbili juu ya nukta-mkato ya mpiga chapa.

6. Andika kwa vidole, usibandike

Unapoandika ndipo unapogundua hujaelewa.

7. Punguza alamisho

Nilipohamisha kivinjari mwaka jana nilihesabu zangu: mia nne na kumi na moja za "nitasoma baadaye". Nilifungua kama thelathini. Nyingi zilisifu zana ambazo hata waliozitengeneza wameziacha. Moja ilikuwa ile makala ya toleo la 11. Nimeibakiza hiyo.

Leo asubuhi kijana wangu ametuma linki nyingine kwenye kundi. Makala ya jana, kichwa chake kinaahidi mambo makubwa. Safari hii ameandika maelezo chini yake: "Seva yetu ni 15. Hii kitu imeanza 16. Nimesoma nyaraka za 15, haimo." Nikaingia kuhakikisha, kwa tabia tu, na kweli haimo. Nikamjibu nikamuuliza, kama anaitaka kweli, kwa nini asilete mpango wa kupandisha toleo, na awe ameshaujaribu kwenye nakala yenye ukubwa wa prodakshani.

Ameisoma meseji. Bado hajajibu.