Kula Mezani Kwao, Lala Kwenye Gari Lako

Kijana wetu wa Geita hakunisemesha jioni nzima siku tulipoegesha Hiace uani kwake kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa ametandika kitanda cha chumba cha watoto, shuka mpya, chandarua kipya, na maji ya kuoga yalishachemka. Nikamwambia mwanangu kwamba tunashukuru, ila tutalala kwenye gari letu. Akainamisha kichwa. Usiku akamfuata baba yake nje, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, majirani watanionaje? Wazazi wangu walale uani wakati nina nyumba?"

Wastaafu wenzangu wanaotuuliza kuhusu maisha haya ya kutembelea watoto na kulala garini huanza na bei ya gari, dizeli na choo. Nitayasema yote. Ila kilichotupa kazi kubwa kuliko vyote ni hicho alichouliza kijana wetu, na ndicho ninachowaomba mkifikirie kabla hamjanunua hata tairi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mwalimu wa sekondari. Nyumba yetu iko Buswelu, Mwanza. Binti wa kwanza ameolewa Rorya, kijana yuko Geita, kitinda mimba anafundisha Bukoba, na wifi yangu anaishi Ukerewe. Yaani ukoo wetu umelizunguka Ziwa Victoria. Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu tuliwatembelea kwa mabasi. Miguu yangu ilivimba kila safari, na kila tulikofika wajukuu walihamishiwa sebuleni ili babu na bibi wapate kitanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ningelishika kwa furaha. Kilichonichoma ni kumwona mjukuu wa darasa la saba amelala chini kwenye mkeka wiki ya mitihani kwa sababu yangu.

Basi mwaka 2023 tukanunua Hiace yenye paa la juu, ya dizeli, gia za mkono, iliyokuwa daladala hapa hapa Mwanza. Tulilipa milioni 17. Wengi walitushauri Coaster kwa ajili ya nafasi. Nilikataa na sijajuta. Coaster haipiti kwenye njia ya kwenda kwa kijana wetu, na mzee wangu sasa ana miaka 64, hana haja ya kupigana na usukani. Spea za Hiace utazipata hata Katoro, na fundi huanza kuijua ingali inanguruma barabarani.

Kabla ya kung'oa kiti hata kimoja, maliza karatasi. Gari la biashara lina namba nyeupe, la mtu binafsi lina namba za njano, na mabadiliko hayo hufanyika TRA, Mamlaka ya Mapato, pamoja na kubadilisha jina kwenye kadi. Sisi tulikuwa na haraka, tukaondoka na namba nyeupe. Kila kizuizi trafiki walitusimamisha kuuliza leseni ya kubeba abiria iko wapi, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kampuni ya bima nayo iandikieni barua kwamba viti vimetoka na ndani kuna kitanda na gesi. Mkinyamaza, siku ya ajali mtakuwa mmewapa sababu ya kutolipa.

Ndani msijaze vitu. Kitanda cha futi nne kwa sita nyuma, masanduku ya nguo na vyombo chini yake, paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, betri moja ya taa, simu na feni ndogo. Madumu matatu ya lita 20 yenye bomba. Usiku tunatumia ndoo yenye kiti na mfuniko, na maranda ya seremala ya kufunikia. Mchana tunatumia vyoo vya vituo vya mafuta. Kitanda kiwe na kimo cha kiti cha kawaida. Fundi wetu alikipandisha juu ili mizigo ipate nafasi, na kwa miezi miwili magoti yangu yaliwaka moto kila nilipoamka kwenda haja. Tulikishusha, tukapunguza mizigo.

Tunapikia gesi, mtungi wa kilo 6, mlango wa pembeni ukiwa wazi au jiko likiwa nje kabisa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki na kaa mbili, hata kama Bukoba kuna baridi ya mvua. Nimewapokea wodini watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hewa ile haina harufu wala haikuamshi. Wengine hatukuwahi kuwaokoa.

Sasa nirudi Geita. Asubuhi ile mzee wangu alimketisha kijana, akamweleza kwamba hatujakataa kitanda chake. Tumetaka tukae wiki tatu badala ya siku tatu, na wiki tatu hatuwezi kuwanyima watoto chumba chao. Akaweka kanuni ambayo tumeishika mpaka leo: chakula tutakula mezani kwao, sala ya jioni tutasali nao, kulala tutalala kwetu. Nami nikamwomba mkwe wangu tupike pamoja jioni ile na tuwaite majirani wawili watatu. Walipokuja niliwafungulia mlango wa gari wakaona kitanda, pazia, picha za wajukuu ukutani. Maneno ya mtaani yalikwisha siku hiyo, maana walioona ndio waliowasimulia wengine. Tuliporudi mara ya pili tulikuta kijana amemwita fundi umeme akaweka soketi kwenye ukuta wa nje, mahali ambapo gari husimama.

Kuhusu umeme huo, wazazi wenzangu, nunueni LUKU. Tukifika tu, namba ya mita naiomba kwa mjukuu, natuma uniti kwa simu, sisubiri nione kama wataomba. Na tukiwa tunaelekea kwa mtu hatuendi mikono mitupu: dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kutoka kwa dada yangu Magu, na tukitoka Bukoba msimu wa senene, basi gari zima linanukia.

Rorya ilikuwa habari nyingine. Mkwe wetu ni Mjaluo, na kwa mila zao mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Binti yetu alipojifungua mtoto wa pili, kabla hatujawa na gari, nililala gesti na kupanda bodaboda kila asubuhi kwenda kumkanda na kumwogesha mtoto, jioni narudi. Tuliponunua Hiace binti alifurahi akidhani tatizo limekwisha: mama atalala garini, si nyumbani. Namshukuru Mungu tulikumbuka kuuliza kwanza. Wazee wa upande wa mkwe walikaa, wakajibu kwa upole kwamba gari likilala ndani ya boma, basi mama amelala ndani ya boma. Hatukubishana. Tuliomba kuegesha kwenye uwanja wa kanisa, ng'ambo ya barabara, na katekista akatukubalia. Nilikaa pale wiki sita kwa mtoto wa tatu. Alfajiri natembea dakika tano namkuta binti, saa 12 jioni narudi kwa mzee wangu, na mkwe wetu yuko huru nyumbani kwake bila kujificha. Naamini heshima ile ya kuuliza kwanza ndiyo iliyofanya mama mzazi wa mkwe wetu awe ananiletea uji kwenye gari mpaka tulipoondoka.

Kwa hiyo ulizeni. Msidhani gari linafuta mila. Hata sisi Wasukuma tuna mipaka yetu kati ya mkwe na mkwe, na afadhali kuisikia ikitamkwa na wazee kuliko kuivuka usiku.

Kuna ombi litakalowafuata kila mahali: "Gari lenu lina nafasi." Msiba ukitokea, ndugu kumi na wawili watataka kupanda. Inauma kukataa, hasa kwenye msiba. Lakini viti vyenye mikanda ni vitatu tu, na mtu aliyeketi kwenye kitanda gari likifunga breki anarushwa kama gunia. Sisi huchangia nauli. Tunatoa hela mkononi, na mtu anapanda basi.

Njiani tunalala mahali penye mlinzi: kituo kikubwa cha mafuta, uwanja wa parokia au uani kwa gesti, ambako tunalipa kidogo na kupata bafu. Saa 11 jioni gari liwe limesimama. Kutoka Mwanza mpaka Musoma ni kama kilomita 220 tu, lakini tunaigawa, tunalala Lamadi au Bunda. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Kila saa moja na nusu tunasimama natembea, kwa ajili ya damu ya miguuni.

Ufukweni hatulali, hata pawe pazuri namna gani. Usiku viboko hupanda kula majani, na kiboko hapendi kukuta kitu kati yake na maji. Mbu ni wengi. Kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wakiona taa wanajaa mpaka kwenye sufuria, kwa hiyo madirisha yote tumeyawekea wavu na taa tunazima mapema.

Na maji ya ziwa, tafadhali. Mjukuu anapokuja nasi likizo ya Juni kitu cha kwanza anachotaka ni kuogelea. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, hasa ufukweni penye majani na maji yaliyotulia. Hutahisi kitu siku hiyo. Tukikosa maji ya bomba tunachota ya ziwani tukiwa tumevaa buti, tunayafunika siku mbili kamili kabla ya kuogea, kwa sababu vijidudu vile bila kupata mtu haviishi zaidi ya hapo. Ya kunywa tunachemsha. Aliyewahi kuoga ziwani apimwe, na dawa yake ipo, ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtu. Nimeona maini yaliyoharibika kwa kichocho cha miaka mingi, nisingependa kuyaona kwa mjukuu wangu.

Dawa za presha za mzee tunabeba za miezi miwili, nakala ya karatasi ya kliniki iko kwenye simu zetu zote mbili na kwa watoto wote watatu. Ratiba ya safari nzima imejengwa juu ya tarehe za kliniki na uhakiki wa wastaafu. Bukoba tunakwenda Juni mpaka Agosti, maana masika ya kule hayana huruma kwa gari lenye paneli na madirisha ya wavu.

Kwenda huko tunazunguka kwa barabara. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama, nilikuwa kazini. Sijaweza kupanda meli ya usiku tangu siku hiyo, na mzee wangu hajawahi kunilazimisha. Ukerewe tunapita Bunda, Kibara hadi Kisorya, tunavuka kwa kivuko kwenda Rugezi asubuhi kabla ya upepo, na tukiwa kivukoni tunashuka garini. Upande wa Geita, Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko cha Kigongo. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko Busisi. Limeleta na jaribu lake: kijana sasa anapiga simu Jumatano akitaka tuwepo Alhamisi. Tunamwambia tarehe yetu ni ileile.

Fedha. Msiuze nyumba. Narudia, msiuze nyumba, na msitie mkupuo wote wa kustaafu kwenye gari. Gari na matengenezo yake havikufika nusu ya mkupuo wetu. Nyumba ya Buswelu ina wapangaji, kodi yao ndiyo dizeli na matairi, pensheni inabaki kwa chakula na dawa. Chumba kimoja cha uani tumekibakiza na funguo zake ninazo. Mwaka jana mzee aliugua malaria kali tukiwa karibu na Magu, na baada ya hospitali tulikuwa na mahali pa kulala wiki mbili bila kumhamisha mtu.

Jambo la mwisho tulilijadili mimi naye tukiwa wawili tu, kisha tukawaambia watoto. Macho yake tunayapima kila miezi sita. Mimi leseni sina, sikuwahi kujifunza, na wenzangu mlio na umri wa kujifunza nawasihi msifanye kosa hilo. Tumekubaliana kwamba siku nitakaposema funguo zije kwangu, atanipa bila swali, hata kama tuko katikati ya safari. Alinyamaza kitambo kabla ya kukubali. Siku hiyo gari litaegeshwa moja kwa moja kwa mmoja wa watoto. Wa Bukoba anasema kwake kuna mgomba wa kivuli. Wa Geita anasema soketi ameshaiweka. Binti wa Rorya ameshamwendea katekista.