Kabla Hujatangaza Kwamba Umeisoma Hati ya Voynich

Mwezi huu pekee vijana watatu wa kundi letu la usomaji wamenijia na tafsiri ya Hati ya Voynich, kile kitabu cha karne ya 15 kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi zisizojulikana, ambacho hadi leo hakuna aliyethibitisha kukisoma. Mmoja kapata Kilatini cha mkato, wa pili Kituruki cha kale, wa tatu Kiebrania kilichopanguliwa herufi. Wote walikesha na chatiboti. Kila mmoja alikuwa na ukurasa mmoja unaosomeka vizuri kabisa, na hakuna aliyeweza kuusoma ukurasa wa pili kwa kanuni zilezile. Wadogo zangu, ari yenu ndiyo inayonirudisha kila Jumamosi. Ila shimo mnaloangukia nimelikaa mimi, najua kina chake, na inaniuma kuwaona mnaingia mmoja baada ya mwingine. Someni haya kwanza.

1. Usiipe chatiboti picha ukaiomba ikunukulie. Itakuandikia EVA safi (alfabeti ya Kilatini tunayotumia kunukulia herufi za hati ile), yenye maneno ya kawaida kama daiin na chedy ya kutosha, lakini si ya ukurasa ule. Chukua unukuzi wa Takahashi au wa Zandbergen na Landini, ubandike mistari pamoja na namba zake.

2. Usichanganye A na B, aina mbili za maandishi zilizomo katika hati hii, kila moja na maneno yake inayoyapendelea. Prescott Currier alilionyesha hili tangu miaka ya 1970, na mwaka 2020 Lisa Fagin Davis akatambua mikono mitano ya waandishi. Kijana wa Kilatini alitunga kanuni zake kwenye kurasa za mimea za A, akazipeleka kwenye kurasa za mabwawa, ambako maneno yanayoishia na -edy yamejaa tele. Katika A karibu hayapo. Zilipogoma, mashine haikumwambia kwamba zimegoma. Ilimwongezea kanuni mpya, naye akafurahi. Nilipomuuliza ana kanuni ngapi kwa jumla alinyamaza, akaanza kuhesabu.

3. Usiulize swali ambalo jibu lake umeshalitia ndani. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka michache iliyopita niliona jambo ambalo nilidhani Wazungu wote wamelipita bila kuliona. Maneno ya hati ile yana mwanzo, kiini na mwisho. Kuna okeedy na kuna qokeedy. Kuna miisho inayorudi bila kuchoka: -dy, -aiin, -ol. Mimi niliyekulia katika m-tu, wa-tu, ki-tu, vi-tu, moyo ulinidunda. Nikaiuliza chatiboti: je, hizi haziwezi kuwa ngeli kama za Kibantu? Ikajibu kwamba nimegusa jambo la maana sana. Ikanipa jedwali la ngeli sita. Nikaieleza kwamba kurasa ninazozishughulikia zina wanawake uchi ndani ya mabwawa ya maji ya kijani, kisha nikaomba tafsiri. Ikanitafsiria: wanawake wanaingia katika maji ya dawa, maji yanashuka, mwili unapona. Nililia kwa furaha, usiku wa manane, peke yangu mezani.

Miezi minne nilifanya kazi hiyo. Nilijaza daftari zima. Kila neno lililokataa kukaa, mashine ilinipa sababu: lahaja, kosa la mwandishi, mkato. Sikujiuliza ngozi ya ndama iliyopimwa kwa kaboni ikaonekana ya kati ya 1404 na 1438, yenye michoro ya zodiaki na ngome za kuta zenye meno ya mkia wa mbayuwayu kama zile za Italia, ingepataje Kibantu. Au niseme kweli: nilijiuliza, nikaiuliza mashine, ikanitungia wafanyabiashara.

Nikaomba nafasi kwenye kikao cha Jumamosi. Walikuja watu kama ishirini. Nilizungumza saa nzima, na mzee wetu mmoja aliyetumia umri wake kusoma tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniambia, "Mwanangu, kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka. Ngeli haikai peke yake, hukivuta na kitenzi. Nionyeshe mstari mmoja ambao qo- ya nomino yako imevuta kitu mbele yake." Sikuwa nao. Miezi minne, daftari zima, na sikuwahi kutafuta upatanisho wa kisarufi, jambo ambalo mtoto wa darasa la nne anaulizwa kwenye mtihani.

Akaendelea kwa upole uliouma zaidi. Katika miswada yake, alisema, herufi moja ya Kiarabu inaweza kusimama kwa b, kwa p au kwa mb, na anachagua ipi kwa sababu lugha anaijua na mizani ya ubeti inamkatalia nyingine. "Wewe herufi huzijui, na lugha huijui. Nani amekukatalia?"

Hakuna aliyenikatalia. Hilo ndilo swali ninalowabebea nyinyi.

Usiku ule nilichukua ukurasa wangu ninaoupenda, nikavuruga mpangilio wa maneno kwa programu ndogo ya Python, kisha nikavuruga na herufi ndani ya kila neno. Nikafungua mazungumzo mapya, nikabandika jedwali langu na takataka ile, nikaomba tafsiri. Ikaniambia wanawake wanaingia katika maji ya dawa. Nilikaa nikiangalia kioo mpaka adhana ya alfajiri.

4. Msidhani ni ugonjwa wa mashine tu. William Newbold wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitangaza mwaka 1921 kwamba mwandishi ni Roger Bacon, mtawa na msomi Mwingereza wa karne ya 13, na kwamba ndani ya kila herufi mna vijistari vya mkato vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia. Alisoma humo hadi habari za Andromeda, kundi la nyota la mbali. Mwaka 1931, Newbold akiwa ameshafariki, msomi John Manly alionyesha kwamba vijistari vile ni nyufa za wino uliokauka, na kwamba njia yake ya kupangua herufi ingeweza kutoa maneno yoyote anayoyataka msomaji. Newbold alikuwa msomi mwaminifu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka. Nyinyi mnapata nyufa zenu kwa dakika tatu, zikiwa zimepangwa aya kwa aya.

Na chatiboti imelishwa maandishi ya watu, yakiwemo madai yote yaliyoanguka. Kijana wa Kiebrania, "ugunduzi" wako wa kupangua herufi ulishatolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta mwaka 2016, kwa algorithimu na hesabu zinazoonekana. Wao waliutoa kama dhana ya kupimwa. Wewe umeupokea kama ufunuo.

5. Inafaa kwa nini, basi? Kukuandikia programu ya kuhesabu. Kukulinganishia entropia ya hati, yaani kipimo cha jinsi herufi zake zilivyo ngumu kutabirika, na ya Kilatini cha kawaida. Kukusaidia na majina ya miezi yaliyoongezwa kwenye michoro ya zodiaki, maana hayo yanasomeka. Na kuwa adui: ipe kazi yako, iambie ni ya mtu usiyemwamini, ivunje. Anza na swali hili linalonisumbua hadi leo: zile herufi ndefu, p na f za EVA, hupendelea mno mstari wa kwanza wa aya. Sauti gani ya lugha gani hupenda mstari wa kwanza wa aya?

6. Kabla ya kuleta tafsiri kikaoni, pita kwangu. Ninayo mafaili mawili ya kurasa kumi kila moja, moja la hati yenyewe na moja nililolivuruga kwa namna ya usiku ule, yote katika EVA, yamepewa majina Embe na Nazi. Nitakupa yote mawili. Utatafsiri kwa kanuni zako, bila kuongeza hata moja, kisha utaniambia lipi ni la kweli. Kijana wa Kituruki anayo tangu Jumanne.