Thamani kamili ni umbali, si kufuta alama ya kutoa

Sahibu, umeuliza: ikiwa |x|, yaani thamani kamili ya x, kamwe haiwi hasi, mbona kitabu kinasema |x| = −x pale x ikiwa chini ya sifuri? Kitabu hakijakosea. Alama ya kutoa mbele ya herufi haimaanishi jibu ni hasi. Inasema "geuza upande". x ikiwa −7, basi −x ni −(−7), yaani 7.

Ubaya ni ule usemi wa darasani kwamba vijiti viwili vya | | "vinafuta minus". Kwa namba tupu unafaa. Ikiingia herufi, huna cha kufuta. Shika umbali badala yake. Fanya Mapembe ya Ndovu pale Moi Avenue, Mombasa, kuwa sifuri, kuelekea Digo Road chanya, kuelekea Kilindini hasi. Aliye +300 na aliye −300 wote wamebakisha hatua 300 kufika Mapembeni. Na baina yao wenyewe zipo |300 − (−300)| = 600. Basi |a − b| ni umbali kati ya a na b, haidhuru waanza na yupi. (Vijiti hivi alivianzisha Karl Weierstrass, Mjerumani, mwaka 1841.)

Kwa hiyo |x − 3| = 5 yauliza: nani yuko hatua 5 kutoka 3? Ni 8 na −2. Lakini |x + 4| hupimwa kutoka −4, kwani x + 4 ni x − (−4). Hapa wengi huteleza.

Vijiti vikiwa na vitu pembeni, vibakishe peke yao kwanza. 3|x| − 4 = 11: ongeza 4, gawa kwa 3, |x| = 5, x ni 5 au −5. Ukikimbilia kuandika 3x − 4 = −11 utapata −7/3, na hiyo ukiirudisha inatoa 3, si 11. Nayo 2|x| + 9 = 3 inaleta |x| = −3; weka kalamu chini, hakuna umbali hasi.

Mtego mbaya zaidi ni x ikiwa pande zote. |2x − 1| = x − 5 inatoa −4 na 2, hesabu safi kabisa, na zote mbili ni uongo: upande wa kulia unakuwa −9 na −3. Mlinganyo hauna jibu. Usipojaribu majibu yako hapa, alama zimekwenda.

Kwenye < na >: |x − 3| < 5 ni walio karibu, −2 < x < 8, kipande kimoja. |x − 3| > 5 ni walio mbali, x < −2 au x > 8, vipande viwili. Usiviunge ukaandika −2 > x > 8. Hakuna namba iliyo chini ya −2 na papo hapo juu ya 8.

Jambo la mwisho, maana litakuja kukuuma kwenye aljebra: √(x²) ni |x|, si x. Weka −6 uone: kipeo cha pili 36, kipeuo chake 6.