Kuwa Orijino Hakutoshi: Ninavyonunua Dawa za Ayurveda Nikiwa Mbali na India

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya kopo la vidonge, limepigwa upande wa mbele tu, na swali fupi: "Dada, hii ni orijino?" Maswali ya aina hii yamekuwa mengi tangu niandike kuhusu triphala, unga wa matunda matatu unaotumika katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na mengi hayajibiki, maana mtu anataka nitoe hukumu kwa kuangalia mchoro wa majani na mzee mwenye ndevu. Upande wa mbele wa kopo ni wa muuzaji. Wako ni ule wa nyuma, wenye herufi ndogo.

Ila kinachonikera zaidi ni swali lenyewe. Kopo lililonitia hofu kuliko yote niliyowahi kushika lilikuwa orijino kabisa.

Najua wengi wenu mko kama mimi. Mmeamua kujitunza kwa mitishamba, hamtaki kukimbilia vidonge kwa kila kichwa kinachogonga, na mnaishi Uingereza, Canada au Marekani, mbali na Kerala kule India na wataalamu wake. Kwa hiyo mnategemea duka la mtaani au mtandao. Mimi vilevile. Basi sikilizeni yaliyonikuta.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi hapa Leicester, Uingereza, magoti yakiwa yamemchosha. Wifi yangu, ambaye nikisema ukweli ni mtu wa moyo mzuri, akamletea vidonge vidogo vyeusi kutoka duka moja ambalo watu wetu wanaliamini sana. Mama akaanza kuvimeza asubuhi na usiku kwa maji ya moto. Baada ya muda akasema miguu imekuwa myepesi, na nyumba nzima ikafurahi.

Mimi nikachukua kopo nikaligeuza. Mahayograj Guggulu. Orodha ya viungo ilianza vizuri: tangawizi kavu, pilipili ndefu, matunda matatu ya triphala, na guggul, ambayo ni utomvu wa mti wa jamii moja na manemane. Nikashuka chini zaidi, kwenye herufi ambazo ilibidi nizipige picha kwa simu ndipo nizikuze: Vanga Bhasma, Rajata Bhasma, Naga Bhasma, Rasasindura. Vanga ni bati. Rajata ni fedha. Naga ni risasi, ile metali (lead). Rasasindura ni zebaki iliyopikwa pamoja na salfa.

Hakuna aliyechakachua kitu. Kiwanda kilikuwa na leseni, fomula hiyo imo kwenye vitabu vya kale vinavyotambuliwa na sheria ya dawa ya India ya mwaka 1940, na lebo ilisema ukweli mtupu. Lipo tawi zima la Ayurveda liitwalo rasa shastra, linalotumia metali zilizochomwa na kusagwa tena na tena hadi zikawa unga laini kama majivu uitwao bhasma, na mabingwa wake wanaamini kwamba kazi hiyo huondoa sumu. Huko India kwenyewe, dawa yenye zebaki au aseniki inatakiwa iandikwe onyo kwamba itumiwe chini ya uangalizi wa daktari. Sasa daktari huyo alikuwa wapi kwetu? Alikuwepo wifi na chupa ya maji ya moto.

Nikaenda dukani. Muuzaji, mzee mstaarabu tu, akaniambia, "Dada, hiyo imetakaswa. Watu wanaitumia maelfu ya miaka." Nikamwomba cheti cha maabara cha bechi ile, yaani cha vidonge vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja na hivyo. Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kununua au nimekuja kufanya ukaguzi, na wateja waliokuwa nyuma yangu wakacheka naye. Niliporudi nyumbani nikawaeleza wenzangu. Jioni ile wifi akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Wengine wakisoma mtandaoni siku mbili tayari ni madaktari." Mume wangu aliuona ujumbe ule akanyamaza. Kule kunyamaza kwake bado kunaniuma kuliko maneno ya wifi, lakini hilo tuliache.

Nikapiga moyo konde, nikampeleka mama kwa daktari, kopo mkononi. Daktari alilipiga picha, akaagiza damu ipimwe risasi. Majibu yakarudi kiwango kimepanda, na maagizo yakawa kuacha vile vidonge siku ileile. Kiwango kilishuka taratibu. Magoti sasa anayafanyia mazoezi ya viungo, na anaenda sokoni mwenyewe. Hakuna aliyenipigia kuniambia asante wala pole. Wifi siku hizi ananisalimu kupitia watoto.

Naandika haya kwa sababu wapo wanaodhani nachukia Ayurveda. Natumia triphala, natumia manjano, mafuta ya mwarobaini hayakosekani kwangu. Ninachokataa ni mtu mzima kumeza kitu kisa kimetoka India na kinanuka kama cha bibi.

Na si mimi peke yangu ninayelalamika. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Robert Saper na wenzake, walionunua kwenye intaneti bidhaa 193 za Ayurveda, zilizotengenezwa India na zilizotengenezwa Marekani. Takriban moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Kati ya zile za rasa shastra, karibu asilimia 41 zilikutwa nazo, na kati ya zisizo za rasa shastra asilimia 17. Sasa someni hapa polepole: zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na unafuu wowote kuliko za India. Tena katika zile zilizokutwa na metali, robo tatu zilidai zimetengenezwa kwa kufuata kanuni za uzalishaji bora, ule muhuri wa GMP mnaonitumia kwenye picha kama ushahidi. Muhuri wa GMP kila mtu anaweza kuuchapisha.

Kwa hiyo geuza kopo. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwenye lebo ya dawa ya Ayurveda kutoka India tafuta jina na anwani ya kiwanda, namba ya leseni ya utengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na kila kiungo kwa jina lake la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika na kiasi. Ukiona namba ndefu ya tarakimu 14 yenye herufi FSSAI, mamlaka ya chakula ya India, na hakuna leseni ya dawa, basi hicho kimesajiliwa kama chakula. Si dhambi, ila usiuziwe chakula kwa bei ya dawa.

Jina la kisayansi si mapambo. Brahmi, kwa mfano, huuzwa kwa mimea miwili tofauti, Bacopa monnieri na Centella asiatica, kutegemea unanunua kwa nani. Gome la ashoka, Saraca asoca, ambalo kina mama wengi hulitafuta kwa matatizo ya hedhi, huchakachuliwa kwa gome la Polyalthia longifolia, mti mwembamba mrefu unaopandwa kama uzio, na likishasagwa huwezi kulitambua kwa macho. Ashwagandha ndiyo usiseme. Inayotakiwa ni mizizi, lakini majani ni rahisi kupata, na mwaka 2021 Wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za jadi, ilibidi iwaambie watengenezaji waachane na majani. Kopo likiandika "Withania somnifera" bila kusema ni mizizi, mimi huliacha hapo hapo kwenye rafu.

Ukikuta bhasma, rasa, sindura, parada au makaradhwaja kwenye orodha, yaani majina ya dawa za metali kama zebaki, hapo hujafika mahali pa kujitibu mwenyewe. Rudisha kopo, hasa kama una mimba. Mwaka 2012 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wanawake wajawazito sita wa New York waliopatwa na sumu ya risasi iliyohusishwa na dawa za Ayurveda. Walimeza dawa, hawakula rangi ya ukuta yenye risasi.

Kwa zile za mitishamba mitupu zinazosafirishwa nje, tangu Januari 2006 India inataka chombo kiandikwe kwamba metali nzito hazijavuka kiwango. Kiwango chenyewe ni risasi sehemu 10 kwa milioni, aseniki 3, zebaki 1, kadimiamu 0.3. Ziandikeni kwenye simu, mtazihitaji mkipewa cheti. Maandishi hayo ni mwanzo mzuri, ingawa maandishi ni ya kiwanda kile kile kinachotaka hela yako.

Halafu tazama nchi uliyopo inasema nini, kwa sababu kila moja ina alama yake. Uingereza tafuta THR, usajili wa dawa za mitishamba za kimila, wenye namba yake. Maana yake ubora na usalama umekaguliwa, na kuhusu kutibu msingi wake ni matumizi ya kimila ya angalau miaka 30, basi. Bidhaa za Ayurveda zenye THR ni chache mno, nyingi zinapita kama virutubisho vya chakula. Canada kuna NPN, namba ya bidhaa za asili yenye tarakimu nane, Australia kuna namba ya AUST L. Marekani hakuna kitu kama hicho: virutubisho havihitaji idhini ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kabla ya kuuzwa, kwa hiyo muuzaji anayekuandikia "FDA approved" kwenye kopo la triphala anakudanganya, na kama anadanganya kwa herufi kubwa, unadhani zile ndogo zikoje?

Kuhusu ahadi, wazee walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. India yenyewe ina sheria ya mwaka 1954 inayokataza kutangaza dawa kwamba inaponya kisukari, saratani na maradhi mengine kadhaa. Tangazo la "maliza kisukari kwa miezi mitatu" lingekuwa kosa hata huko inakodaiwa kutoka. Na nyie bado mnanitumia linki zake saa sita usiku.

Jambo dogo kwa wanaobeba mitishamba kwenye mizigo: kuth, yaani mmea wa Saussurea costus, imo kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES wa viumbe walio hatarini, na mimea ya jatamansi na kutki imo kwenye orodha ya pili. Forodha wakikunyang'anya usije kulia kwangu.

Mwisho ni cheti cha maabara. Cheti cha kweli kina namba ya bechi, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kopo lako. Kina matokeo kwa tarakimu, sio neno "amefaulu", na jina la maabara unayoweza kuitafuta. Kama ni ya India, iwe na ithibati ya NABL, chombo cha India kinachothibitisha maabara. Ninaomba kabla ya kulipa. Wauzaji wazuri hutuma bila maneno mengi, wengine huniuliza kwani simwamini Mungu. Mwezi uliopita mmoja alinitumia cheti kizuri sana, chenye muhuri na sahihi, ila kilikuwa cha unga wa moringa nami nilikuwa nanunua shatavari, mmea mwingine kabisa. Nikamwandikia kwa adabu kwamba nadhani amekosea faili. Tiki zimekuwa za bluu tangu siku ile.