Somo la kwanza la kuteleza kwenye mawimbi Dar: angalia maji kabla ya bei

Ukitaka kujifunza kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao ukiwa likizo Dar, usianze kwa kuuliza somo ni shilingi ngapi. Uliza kwanza mwezi uko siku ya ngapi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Siku hizo Dar maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Ukifika saa nne utakuta miamba iko nje, mawimbi yanavunjikia huko mbali, na mbele yako kuna maji ya magotini yenye mawe. Maji yakijaa kabisa nako kuna taabu, kwa sababu wimbi linapiga kwa nguvu ukingoni kabisa, penye mteremko mkali. Saa nzuri ni katikati, maji yakiwa yanapanda. Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haifai Ijumaa. Mwalimu anayekupangia saa bila kutaja maji, mwache.

Fukwe za Kunduchi na Mbezi zimekingwa na visiwa vya Mbudya, Bongoyo na kwa mbali Unguja. Mawimbi hufika yamechoka. Mawimbi ya kujifunzia utayapata zaidi Kigamboni, upande unaotazama bahari kuu, hasa wakati wa kusi, yaani majira ya upepo wa kusini. Saa ya maji ikiruhusu, vuka asubuhi na pantoni la Magogoni, kabla upepo wa mchana haujaivuruga bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, usome. Mvua kubwa ikinyesha, kaa siku mbili tatu mbali na midomo ya mito kama Msimbazi, maana maji yake hubeba uchafu wa mji.

Kwa anayeanza, wimbi la kiunoni linatosha. Chagua ubao wa sponji wa futi 8 au 9. Mfupi ni rahisi kubeba, lakini haukai juu ya maji, na utamaliza saa nzima ukizama nao. Kamba inayokuunganisha na ubao hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Kuujua mguu huo, simama wima, mtu akusukume mgongoni bila kukuambia: unaotangulia kujizuia ndio wa mbele.

Dakika 20 za kwanza ni za mchangani, na usikubali zirukwe. Lala kifudifudi katikati ya ubao, vidole vya miguu vikigusa mkia. Viganja viwe chini, kando ya mbavu, si kushika kingo. Ukishika kingo ubao unapinduka. Sukuma kifua juu, uingize mguu wa mbele katikati ya viganja, wa nyuma ufuate, magoti yamekunjwa, macho ufukweni. Macho yakishuka miguuni, mwili unayafuata. Rudia mara 15 au 20. Kupitia magoti kwanza ni tabia ngumu kuiacha baadaye, afadhali uanguke ukijaribu kwa miguu.

Majini, kaa kwenye maji ya kiunoni na ufanye kazi na povu tu, yaani wimbi lililokwisha kuvunjika. Hapa kosa karibu lote ni la mahali ulipolala. Tazama pua ya ubao: iwe juu ya maji kwa vidole vitatu au vinne. Ikizama, umelala mbele mno na povu litakutupa kichwa chini. Rudi nyuma kidogo, upana wa kiganja. Ikiinuka sana, ubao unajifunga breki na wimbi linakupita.

Povu likiwa mita nne nyuma yako, anza kupiga maji kwa mikono. Likikugusa, wengi huacha hapohapo, na hapo ndipo wanalipoteza. Piga tena mara tatu, subiri uhisi mkia umeinuliwa na ubao unakwenda wenyewe, ndipo usimame.

Ukianguka, anguka kwa matako au ubavu, kamwe si kichwa, kwani chini huenda pana mwamba. Ibuka mikono ikiwa imefunika kichwa, ubao uko karibu kuliko unavyodhani. Na usiuweke ubao kati yako na wimbi: utakupiga usoni.

Tembea ukiburuta miguu mchangani ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, walau nusu saa, kisha nenda hospitali. Vaa fulana ya mikono mirefu. Ubao huchubua kifua na jua huunguza mgongo. Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao: shika ubao, piga maji kandokando ya ufuo hadi uutoke, kisha ndipo urudi. Asiyeweza kuogelea mita 50 bila ubao ajifunze kuogelea kwanza.

Saa moja na nusu inatosha. Toka ukiwa bado na nguvu, maana ubao wa futi 9, upepo ukiupiga ubavuni, unahitaji mikono miwili isiyotetemeka kuufikisha mchangani.