Maswali na majibu: Okidi ya Kitulo haihami na wewe

Barua za mwezi huu karibu zote ni za Kitulo, hifadhi ya maua ya porini, okidi zikiwemo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wanaouliza bei ya kiingilio wawaulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, maana hubadilika. Waliobaki ni hawa.

Tumepanga kwenda mwezi wa sita, watoto wakifunga shule. Tutayakuta maua?

Hapana. Swali hili hunijia kila mwaka, na kila mwaka najibu vilevile: maua ya Kitulo yanafuata mvua, na kule mvua huanza Novemba na kukatika kuelekea Mei. Mwezi wa sita utakuta nyasi za kahawia, upepo mkali, na asubuhi nyingine sakitu. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watoto haohao wanafunga shule Desemba, na Desemba maua yameshaanza kufunguka. Asiye na watoto wa shule aende Februari.

Kuna simba?

Hakuna. Jina la utani la "Serengeti ya Maua" lisikuchanganye. Unashuka kwenye gari na kutembea kwa miguu yako, na ukitaka kumwona tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani, lazima utembee taratibu.

Nipite Chimala au Isyonje?

Ukitokea Mbeya mjini au Tukuyu, Isyonje. Ukitokea Iringa, Chimala, na hapo jiandae: barabara inapanda kwenda Matamba kwa kona kali 57, na jina lake ni hilohilo, Hamsini na Saba. Mandhari ni ya kupendeza, ilimradi usukani ameshika mwingine. Mvua inayoleta maua ndiyo inayoleta utelezi, kwa hiyo anayekwambia kagari kadogo ka IST kanatosha mwezi wa pili, mwambie atangulie yeye.

Naweza kuchukua mche mmoja wa okidi nikapande kwenye chungu hapa Dar? Mmoja tu.

Kila anayeandika anataka mmoja tu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Hung'oi hata jani. Na hata ungeruhusiwa, mche utakufa. Okidi za pale huota ardhini kwenye baridi, na mbegu zake ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, kiasi kwamba bila kuvu fulani wa kwenye udongo haziwezi kuchipua. Dar utabaki na chungu. Ukitaka okidi ya sebuleni, nunua kwa muuza maua aliyeiotesha mwenyewe, na umuulize ameitoa wapi. Akijibu "milimani" huku akicheka, ondoka.

Mimi ni wa Makete. Wazee wetu walichimba viazi vya okidi miaka yote na havikuisha. Kelele hizi za nini?

Wazee nawapa shikamoo yao. Ila wao hawakuwa na mnunuzi wa Zambia anayesubiri magunia. Chikanda, ile ya viazi vya okidi vilivyosagwa na kupikwa na unga wa karanga na magadi mpaka vikagande na kukatwa vipande, ilikuwa kitoweo cha vijijini. Sasa inauzwa masokoni Lusaka. Okidi za porini za Zambia zilipopungua, wanunuzi wakavuka mpaka. Makadirio yanayotajwa ni viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 kwa mwaka kutoka nyanda zetu za juu kusini.

Mwangalie mchimbaji akifukua. Chini ya shina kuna viazi viwili vimekaa ubavu kwa ubavu. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni cha ua la mwakani. Anayeuza anachukua hicho kilichojaa na kutupa kilichosinyaa. Na mara nyingi huchimba ua likiwa wazi, kwa sababu ndipo mmea unapoonekana, yaani hata mbegu haijadondoka. Hapo hujavuna, umefuta.

Simlaumu sana mama mwenye ndoo anayetafuta ada ya shule. Ninachokasirikia ni kwamba yeye ndiye anayekamatwa, na mwenye gari la mzigo analala hotelini. Na tusijifanye viazi vya okidi ndilo tatizo pekee: nje ya mipaka ya hifadhi, viazi mviringo vimekula nyasi nyingi kuliko jembe la chikanda.

Programu ya simu ya kutambua maua inatosha, au nichukue mwongozaji?

Chukua mwongozaji. Programu itaita kila kitu "okidi", na mtandao wenyewe ni wa kubahatisha.

Niko Tanga, Mbeya ni mbali. Hakuna maua ya karibu?

Yapo, na ni ajabu watu wa Tanga hawayajui. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa Ulaya kwenye vyungu vya dirishani, *Saintpaulia*, asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya. Jina ni la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao kutoka Usambara. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalielezea ua hilo kitaalamu 1893. Panda hadi Amani, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara, kupitia Muheza, tafuta miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya msitu, karibu na vijito. Usihangaike na sehemu zilizokatwa miti: jua likishapiga mwamba, maua hayo hayapo tena.