Kabla ya Kizuizi cha Kwanza: Kumwandaa Mbwa wa Nyumbani kwa Mashindano Hapa Dar

Kila nikiweka picha ya mbwa wangu Duma akiruka vizuizi, napokea maswali yale yale: vizuizi vile nilivipata wapi, na mbwa wa kawaida anaanza kuruka akiwa na umri gani? Nitayajibu yote mawili, ila chini, kwa sababu ni mepesi. La kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba mbwa hashindi kwa kujua kuruka. Karibu kila mbwa mwenye afya anaruka, na wengine wanaruka ukuta wa jirani bila kufundishwa na mtu. Anashinda kwa sababu akiwa uwanjani, kati ya watu asiowajua, mbwa wenzake, moshi wa mishikaki na kunguru wanaotua kwenye nyasi, anakuchagua wewe. Kumfikisha hapo ndiko kunakokula miezi, na kazi hiyo huanza bila kizuizi hata kimoja.

Tuelewane kwanza mashindano yenyewe yanapima nini. Kuna ya utii na kuna ya wepesi, yaani kupita vizuizi kwa mbio. Ya utii ndiyo ya zamani zaidi. Mama mmoja Mmarekani, Helen Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa aina ya poodle, aliandaa jaribio la kwanza katika jimbo la New York mwaka 1933. Alitaka watu waone kwamba mbwa wake walikuwa na akili, hawakuwa mapambo. Mwaka 1936 American Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa cha Marekani, ikayatambua rasmi. Kwa kanuni zao mbwa anaanza na pointi 200 na hakimu anakata kila anapoona kasoro. Ili ufaulu unahitaji angalau 170, na katika kila zoezi lazima ubakiwe na zaidi ya nusu ya pointi zake. Mazoezi ya ngazi ya chini yanaonekana rahisi ukiyasoma: kutembea ubavuni kwako upande wa kushoto, kwa kamba na bila kamba, kuzunguka watu wawili kwa umbo la nane, kusimama tuli huku mgeni akimgusa, kukaa ulipomwacha, kuja mara moja ukimwita. Jaribu kumsimamisha mbwa wako tuli mgeni akimshika mgongoni, ndipo utajua ugumu uliko.

Mchezo wa wepesi ulianza London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kama burudani ya kujaza muda kati ya vipindi, na wazo lake lilitoka kwenye mashindano ya farasi wa kuruka. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, zinataka vizuizi kati ya 15 na 22. Mpangilio ni wa hakimu na mbwa hajawahi kuuona. Wewe unaruhusiwa kuutembelea peke yako kwanza. Kisha mnaingia wote wawili: hakuna kamba, hakuna chakula mkononi, humgusi mbwa wala kizuizi. Fito ikianguka ni makosa 5. Mbwa akikataa kizuizi ni 5 tena, na akikataa mara tatu, au akiruka kizuizi kisicho zamu yake, mmetoka.

Hapo kwenye mikono mitupu ndipo wengi wanapokwama. Mbwa anayetii vizuri nyumbani mara nyingi anatii kipande cha maini kilicho kwenye vidole vyako. Kiondoe, na unabaki na mbwa anayekutazama kama mtu aliyekatiwa umeme.

Simaanishi uache kutumia chakula. Natumia chakula kila siku, na wanaosema mbwa afundishwe kwa fimbo sikubaliani nao hata kidogo. Mbwa wa fimbo anatembea mkia ukiwa katikati ya miguu, na hakuna kanuni itakayompa mwendo. Tuna walimu wazuri hapa hapa nchini. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia anasikia mlio mdogo wa kubofya, halafu anapewa chakula. Mlio unamwambia ni kitendo kipi hasa kilichompa riziki. Panya mmoja wao, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kuhudumia wanyama la Uingereza, kwa kazi hiyo. Kama panya anaelewa, mbwa wako ataelewa. Si lazima ununue kidude cha kubofya. Neno moja fupi linatosha, liseme kwa sauti ile ile, sekunde ile ile anayopatia, kisha toa chakula. Mimi nasema "ndiyo".

Halafu anza kukisogeza chakula mbali. Wiki za mwanzo kinatoka mkononi. Zinazofuata kinatoka mfukoni, baada ya neno. Baadaye nakiweka kwenye bakuli juu ya ukuta wa uani, Duma anakiona kabisa, na tunafanya zoezi tukiwa tumekipa mgongo; akimaliza vizuri nasema "ndiyo" na tunakimbia wote wawili hadi kwenye bakuli. Kwanza zoezi moja, baadaye mawili, baadaye mlolongo mzima. Mbwa anajifunza kwamba chakula kipo hata asipokiona kwangu, na kwamba njia ya kukifikia inapita kwangu. Siku ya mashindano bakuli liko nje ya uzio, naye anajua. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi ndiyo yanayofanya kazi kuliko yote. Dagaa wakavu nao ni wazuri na hawachafui mfuko.

Amri zenyewe zikubaliwe na nyumba nzima. Kama baba anasema "njoo", watoto wanasema "kamu", na dada wa kazi anapiga mluzi, mbwa hana kosa akisita. Chagueni moja na muiandike jikoni.

Sasa vishawishi. Watu hulalamika kwamba Dar haina viwanja vya kufundishia mbwa. Nadhani jiji lenyewe ni kiwanja kizuri mno ukilitumia kwa ngazi. Anza uani, geti limefungwa. Kisha uani, geti wazi. Kisha mtaani asubuhi na mapema kabla bodaboda hazijaanza. Kisha pembeni ya uwanja ambapo vijana wanacheza mpira, mbali kiasi kwamba mbwa anauona mpira lakini bado anaweza kukaa ukimwambia. Kila siku chache sogea hatua kadhaa. Kanuni ninayoishika ni kuongeza kitu kimoja tu kwa wakati: umbali kati yetu, muda wa kukaa, au ukali wa kishawishi. Ukiongeza viwili pamoja na akashindwa, hutajua kilichomshinda ni kipi. Akishindwa mara mbili tatu mfululizo, rudi ngazi ya chini, umalizie na jambo analoliweza.

Kunguru wanastahili sentensi zao. Wale kunguru wa India waliojaa jiji hili wanamchokoza mbwa kwa makusudi. Wanatua karibu, wanasubiri, wanaruka. Nimewafanya kuwa wasaidizi. Duma akimwona kunguru akanitazama mimi, nasema "ndiyo" na anapata maini. Sikumwamuru anitazame, nilisubiri afanye mwenyewe. Baada ya muda kunguru akawa ishara ya kunigeukia. Njia hiyo hiyo inafaa kwa paka, kwa mbwa wanaozurura, na kwa harufu ya mihogo pale Coco Beach jioni, ambako ninamleta anapokuwa tayari kabisa, si kabla.

Na hapa nataka kusema na wewe kwa uzito kuhusu majirani. Wengi wa majirani zangu ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mtu aliyetia udhu na anaelekea msikitini hapaswi kuguswa na pua ya mbwa wako, hata kama mbwa ni mpole kiasi gani. Kwa hiyo ninapoona watu wanakuja, nahamia upande wa pili mapema, nafupisha kamba, Duma anakaa, na wanapita. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Leo katulia huyo." Salamu hiyo imenijengea heshima mtaani. Tena ni zoezi halisi: kukaa tuli wageni wakipita ndicho hakimu anachokuja kukitazama. Watoto nao wanauliza, "Anti, anang'ata?" Wajibu kwa upole, waambie wasimame, wasikimbie. Usimlazimishe mtoto yeyote kumshika. Na kabla ya kumtoa mbwa getini kwa mara ya kwanza awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, na kadi yake iwe na tarehe ya karibuni. Hilo halina mjadala.

Kuna swali ninaloulizwa sana na wenye nyumba: akizoea watu hivi, wezi si watamzoea? Sijaona mbwa aliyesahau geti lake kwa sababu ya kujua kukaa. Kinachobadilika ni kwamba ukimwambia anyamaze, ananyamaza, na mgeni akija unaweza kumwita mbwa akaja. Mbwa anayefungwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu hafai kwa mashindano, na nikisema ukweli, naona maisha hayo si ya haki kwake.

Umri. FCI hairuhusu mbwa chini ya miezi 18 kushindana kwenye wepesi, na sababu ni mifupa. Ncha za mifupa ya mbwa mdogo bado zinakua, na kutua kwa kishindo mara kwa mara kunaweza kuziumiza kwa maisha yake yote. Kabla ya umri huo weka fito chini ardhini azivuke kwa kutembea, umfundishe kugeuka nawe, umfundishe kusubiri mstarini. German Shepherd na mbwa wengine wakubwa wanahitaji subira zaidi. Mwone daktari wa mifugo kuhusu nyonga zao kabla ya kuanza. Duma ni wa kienyeji, mwepesi, sikio moja limesimama na jingine limelala, na umbo lake linaufaa mchezo huu kuliko mbwa wengi wa bei. Usidhani machotara hawatakiwi: hata American Kennel Club ilianza kuwaruhusu kwenye mashindano haya mwaka 2010.

Joto letu ni adui wa kweli. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa zaidi kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu inaifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, nafundisha alfajiri au jua likishazama, vipindi vya dakika chache vyenye mapumziko kati yake. Weka kiganja chako kwenye lami. Kama huwezi kukiacha hapo, naye asiikanyage. Ulimi ukitoka mrefu na kupanuka, mate yakawa mazito, au akaanza kuyumba, acha kila kitu: kivuli, maji ya bomba tumboni na miguuni, upepo, na daktari haraka. Masika yana shida yake. Nyasi zinateleza, na mbwa anayeteleza akiruka ataanza kuogopa kuruka, hivyo miezi hiyo tunarudi kwenye utii barazani.

Vizuizi, kama nilivyoahidi. Mabomba ya plastiki ya maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo yanatosha kwa fito za kuruka na kwa nguzo za kupita zigizaga. Fito lazima ianguke ikiguswa, usiifunge kamwe. Nguzo ni 12, zikiachana sentimita 60, na mbwa anaingia nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Mwanzoni zipange safu mbili zenye njia katikati, kisha zisogeze kidogo kidogo hadi ziwe mstari mmoja. Mbao za kupanda, kutembea juu na pembea mpe fundi seremala, na umsisitize uso usiteleze. Sehemu ya chini ipakwe rangi tofauti, kwa sababu mbwa ni lazima aikanyage. Lengo ni asijirushe kutoka juu. Pembea ishushe juu ya godoro kuukuu hadi azoee kishindo chake. Pipa la chuma usilitumie kama handaki. Linawaka jua likipanda.

Hapa Dar mashindano ninayoshiriki ni ya wafugaji kukubaliana na kukutana kwenye kiwanja cha mmoja wetu, tukitumia kanuni hizi za nje. Fika mapema, mweke mbwa kivulini mbali na wenzake, mlo wake mkubwa usubiri jioni. Ukipewa nafasi ya kuitembelea njia, itembee ukijua utasimama wapi kila kona, kwa maana mbwa anafuata mabega na miguu yako zaidi ya sauti. Mkimaliza, matokeo yawe yoyote, kimbieni moja kwa moja hadi kwenye bakuli. Ukikunja uso kwa sababu ya fito iliyoanguka, yeye ataelewa kwamba kukufikia wewe ni jambo baya, na safari ijayo atapunguza mwendo. Kisha mwombe hakimu karatasi yake, uchague kosa moja tu la kulifanyia kazi.

Wanaotamani jukwaa kubwa zaidi, East African Kennel Club iko Nairobi. Chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya na vibali vya mifugo vya kumvusha mbwa mpakani vinachukua muda, kwa hiyo nenda ofisi ya mifugo kuuliza kabla hujalipia nauli.